Kwa nini mtu wa Kigoma akienda kusoma nje anaonja kila kitu ila hashibi?

#1 Mwana wa Kibirizi
Wadau, habari za jioni. Niende moja kwa moja.

Dogo, mtoto wa mama mdogo, yuko Uholanzi, mji wa Wageningen, kwa ule utaratibu wa kubadilishana wanafunzi. Anasoma muhula mmoja kule kisha anarudi kumalizia chuo chake hapa. Dogo huyu si mchaguzi wa chakula, nyumbani alikuwa halazi kitu. Huko nako anaonja kila anachowekewa. Alikula mkate uliopakwa siagi na kunyunyiziwa chokoleti ya chengachenga, watu wazima wanakula hivyo asubuhi bila aibu. Alikula viazi vilivyopondwa pamoja na sukuma wiki. Alinunua sokoni samaki mbichi na vitunguu juu, akamshika mkia, akainua kichwa, akamteremsha kooni kama wenyeji. Picha zote ninazo.

Lakini kila akipiga simu, salamu zikiisha neno ni lile lile: "Kaka, nimekula lakini sijala."

Nikadhani ni utani wake. Jirani yangu ana binti aliyewahi kwenda Ujerumani, naye anasema binti alilia hivyo hivyo. Wanafunzi wa mikoa mingine nasikia wanalalamikia baridi na lugha. Wa kwetu wanalalamikia tumbo. Hoja yangu ni hii: aliyekulia ugali wa muhogo na dagaa wa ziwa hili hawezi kushiba chakula cha nje, hata kiwe kitamu vipi. Mliowahi kwenda mniambie sababu. Na mama mdogo anataka kumtumia dagaa. Wanapita?

#2 Kasulu Stendi
Sababu ni ujazo, basi. Ugali anaowekewa kijana mmoja kwetu, kule ni wa familia. Huko mchana kweupe unapewa vipande viwili vya mkate na jibini katikati, unaambiwa ndiyo chakula cha mchana. Tumbo lililozoea kujazwa halidanganyiki. Mwambie ale mikate minane uone kama hatashiba.

#3 Mnyamwezi wa Cheyo
Watu wa Kigoma bwana! Hata mkija Tabora, usiku mmoja tu wa treni, mnashuka na kifurushi cha dagaa kwapani. Sasa Uholanzi si mtakufa. Sisi Mungu katupa asali na matobolwa, na tukienda popote tunakula tunachokikuta.

#4 Kasulu Stendi
#3 viazi vya kuchemsha ukavianika juani ndiyo chakula cha kujisifia? Kaa kimya uzi wa watu uendelee.

#5 Binti Ujiji
Mleta uzi, hoja yako naikataa kwa ushahidi.

Nilikwenda Uturuki kwa mpango wao wa Mevlana, wa kubadilishana wanafunzi kati ya vyuo vyao na vya nchi nyingine. Nikapangiwa Trabzon, pwani ya Bahari Nyeusi. Nilifika nikitegemea kebabu kama tunazoona kwenye tamthilia zao. Nikakuta watu wa pwani ile wana wazimu na samaki mmoja mdogo wa urefu wa kidole, wanamwita hamsi, msimu wake majira ya baridi. Wanang'oa kichwa na utumbo kwa kidole gumba, wanamgaragaza kwenye unga wa mahindi, halafu wanawapanga kwenye kikaango kwa mduara, mikia ikielekea katikati, wamebanana hata uwazi hakuna. Upande wa chini ukishakauka wanafunika mfuniko, wanapindua, wote wanatoka kwa pamoja wakiwa kitu kimoja, wanarudishwa kikaangoni upande wa pili. Nimesimama jikoni kwa mama wa rafiki yangu nikiangalia, nikasema hapa nimefika kwa ndugu.

Na wana kitu kingine kinaitwa mıhlama. Unga wa mahindi unakaangwa kwenye siagi, wanatia maji, wanatia jibini, wanasonga. Ukiinua uma jibini linakufuata hadi puani. Hicho wanakila kwa mkate. Yaani ugali kwa mkate! Supu ya sukuma wiki ipo, mkate wa mahindi upo, na mambo ya halali hayakunisumbua kuuliza kila mlango.

Kwa hiyo si "nje" nzima. Inategemea umetupwa wapi. Dogo wako katupwa pabaya tu.

#6 Mwana wa Kibirizi
Dada, hapo kwenye ugali kwa mkate umeniacha. Ulishiba kweli?

#7 Binti Ujiji
#6 nilishiba hadi sketi zikanikataa. Ile ni siagi tupu, ukiila usiku hulali.

#8 Mzee wa Mwanga
Wanangu, mnaangalia sahani mnasahau saa. Uholanzi nimepita zamani, kwa kozi ya mambo ya maji. Chakula cha moto kwao ni kimoja kwa siku, nacho ni jioni saa kumi na mbili kamili, ukichelewa wamekwisha osha vyombo. Sasa fikirieni mwezi wa sita, jua la kule linazama saa nne usiku. Sisi hapa jua likizama ndipo moto unawashwa, tunakula baada ya isha. Mwili wa mtoto unangoja giza ndipo ujue ni wakati wa kula. Amekula saa kumi na mbili, giza linaingia saa nne, tumbo linauliza chakula kiko wapi. Alishiba, ila kilishapita.

#9 Kasulu Stendi
Shikamoo mzee. Kwa hiyo majira ya baridi, giza likiingia saa kumi na moja jioni, watu wa Kigoma walioko kule wanashiba?

#10 Mzee wa Mwanga
Marahaba. Wewe mtoto una matatizo.

#11 Nesi Mstaafu
Hakuna aliyetaja maziwa. Chakula cha mchana cha Waholanzi ni mkate, jibini na glasi ya maziwa au tindi. Wengi wetu tukishakuwa watu wazima, miili hupunguza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Ukinywa maziwa mengi usiyoyazoea, tumbo linajaa gesi na linanguruma, na kijana anaweza kutafsiri ule mngurumo kuwa njaa. Mwanangu, muulize dogo kama tumbo linauma au linavimba. Kama ndivyo apunguze maziwa fresh, abaki na mtindi na jibini gumu lililokaa muda mrefu, hilo sukari ya maziwa imekwisha karibu yote.

#12 Buhigwe Milimani
Nesi, pole na kazi, lakini sisi huku milimani ng'ombe tunao na maziwa tunakunywa tangu utotoni. Binamu yangu alikwenda Ubelgiji naye akarudi na hadithi hiyo hiyo ya kula na kutoshiba. Maziwa hayahusiki.

#13 Nesi Mstaafu
#12 mnakunywa ya mgando. Kwenye kuganda wale bakteria wanakuwa wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo. Linganisha vinavyolingana.

#14 Mchumi wa Kibondo
Mnazunguka mbuyu. Dogo anabana hela. Posho yake iko kwa yuro, na kichwani anaigeuza shilingi kila anaposhika kitu dukani. Anaona sahani ya chakula cha moto, anapiga hesabu, anasema hii hela mama anapata gunia zima la mihogo, anairudisha. Anakwenda kununua mkate wa bei ya chini. Halafu anapiga simu kusema hajala. Kweli hajala! Nimekaa na wanafunzi wa hivi, mwisho wa muhula wanarudi na simu mpya na mashavu yameingia ndani.

#15 Mwana wa Kibirizi
#14 hahaha, hilo la simu mpya nitalifuatilia.

#16 Gungu Kwa Fundi
Mimi ndiye wa Ujerumani, si yule binti wa jirani, mwingine. Mchana hakuna shida: mgahawa wa chuo wanauita Mensa, unapanga foleni na trei, bei ya mwanafunzi, kuna viazi, kuna nyama, unakula. Kazi iko jioni. Familia iliyonikaribisha wikiendi ya kwanza walitandika meza vizuri: mkate mweusi mzito, jibini aina tatu, matango ya siki, soseji zilizokatwa nyembamba, siagi. Nikala kidogo kwa adabu nikijua hivyo ni vya kuchangamshia mdomo, cha moto kinakuja. Wenyeji wakamaliza, wakafuta midomo, wakaanza kuondoa vyombo. Nikabaki nimeangalia mlango wa jikoni.

Usiku ule nilielewa kwamba mkate wa jioni ndiyo mlo wenyewe kwao. Tangu hapo nikienda nakula kwa uzito unaostahili. Na ule mkate mweusi wa nafaka ya rai unashibisha jamani, Kasulu #2 asiseme mkate wote ni hewa. Vipande vitatu vile unatembea navyo hadi asubuhi.

Wa Ujiji mniulize mapema: soseji nyingi ni nguruwe, na wengine jioni wanapaka nguruwe mbichi wa kusaga juu ya mkate na vitunguu. Uliza kabla ya kung'ata.

#17 Binti Ujiji
#16 mbichi?? Astaghfirullah. Uzi huu nimeusoma usiku huku nikila.

#18 Mtafiti Mtoro
Narudi kwa mleta uzi, yule samaki wa dogo. Watu wengi wanasema ni mbichi, si hivyo kabisa. Wanamtoa utumbo lakini wanamwachia kongosho, wanamtia chumvi kidogo, na vimeng'enya vya kongosho vinamlainisha. Na sheria inataka agandishwe kwanza, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi, ili kuua minyoo. Hajapikwa kwa moto, sawa, ila ametayarishwa. Msimu wake mpya unaanza katikati ya Juni, na mji mzima unapanga foleni.

Sasa utamu uko hapa. Dagaa wetu wa Tanganyika wako wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na wote ni wa kundi la sardini, kundi hilo hilo la huyo samaki wa Uholanzi. Dogo alikuwa anamla binamu wa dagaa, asijue. Kwa hiyo kusema damu ya Kigoma haipatani na chakula cha kule, sidhani.

#19 Sengerema Kwetu
Na dagaa wa Mwanza je? Maana nyie wa Kigoma mnajifanya ndio mmeumbiwa dagaa.

#20 Mtafiti Mtoro
#19 wa Mwanza ni Rastrineobola argentea, ukoo mwingine kabisa, yuko karibu zaidi na ningu kuliko na dagaa wetu. Mnafanana jina tu sokoni.

#21 Mama Katonga
Nilijua. Ndiyo maana wao wanawapa kuku.

#22 Sengerema Kwetu
Mama, tumekosana. Mkoa wenu wote mkisikia Dar dagaa anapikwa kwa nazi, nusu ni wetu.

#23 Kigodeko Hadi Takamatsu
Salaam. Mimi nilikwenda Japani, Takamatsu, mkoa wa Kagawa. Binti Ujiji kafika kwa ndugu, mimi nilifika kwa ndugu waliopotea njia.

Kagawa wanajulikana kwa tambi nene za ngano, udon. Supu yake inatokana na dagaa wakavu! Wanawachemsha kwenye maji ya chumvi wakishavuliwa tu, wanawakausha, wanawauza kwenye mifuko. Siku ya kwanza kuwaona dukani niliganda mbele ya rafu, maana walikuwa wamenyooka, wana rangi ya fedha, tumbo halijapasuka. Nikanunua. Mwenzangu wa bweni, Mjapani, akanionyesha wanavyopikwa kwao. Anamshika dagaa, anamvunja kichwa, anampasua katikati anatoa utumbo mweusi, anasema unatia uchungu. Analoweka, anachemsha taratibu, anachuja. Supu anaweka pembeni kwa heshima kubwa. Dagaa anawatupa.

Anawatupa! Nilimshika mkono. Akanieleza kwamba ladha imekwisha hamia kwenye maji. Nikachukua wale dagaa, nikawakaanga na kitunguu na nyanya, nikala mbele yake. Akaonja, akaomba tena. Mwaka mpya wao nao wana dagaa wanaopikwa kwa sukari na sosi ya soya hadi wanang'aa. Dagaa mtamu wa sukari! Nilikula kwa ajili ya urafiki.

Natto nayo, soya iliyochachushwa, ukiinua vijiti inavuta nyuzi. Wageni wengi wanaikimbia kwa harufu. Mimi nimekulia mlenda, sikuona cha ajabu, niliila kwa wali kila asubuhi.

Kushiba: udon ilinishibisha vizuri. Ila nakubaliana kidogo na mleta uzi, kuna kitu hakikuwepo na mpaka leo sikijui.

#24 Kasulu Stendi
Kuchemsha dagaa ukamtupa ukanywa maji. Halafu tunaambiwa wameendelea.

#25 Uvinza Chumvi
Kinachokosekana ni mawese. Andikeni, futeni, mtarudi hapo. Shemeji yangu alikwenda Brazili, Salvador, hakulalamika hata siku moja. Kwa nini? Wale wanapikia mawese, wanayaita dendê. Wanauza barabarani maandazi ya kunde, acarajé, yanakaangwa kwenye mawese ya moto mekundu. Wana pirão, unga wa muhogo unaosongwa kwa supu ya samaki. Muhogo, samaki, mawese, mnataka nini tena? Mafuta ya alizeti na ya zeituni yanapita mwilini hayaachi alama.

#26 Nesi Mstaafu
#25 mafuta yote nguvu yake kwa gramu inakaribiana. "Hayaachi alama" ni maneno ya sokoni.

#27 Uvinza Chumvi
Nesi, alama iko kwenye vidole na kwenye sahani. Wewe unapima kwa gramu, mimi napima kwa sabuni itakayotumika.

#28 Huye na Kurudi
Nami niongeze. Nilisoma Rwanda muhula mmoja. Jioni watu wa Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, wanakaanga isambaza, wadogo, wanakula na ndimu na pilipili inayotiwa kwa matone maana ni moto mtupu. Nikaonja nikasema huyu namjua. Kumbe kweli ni wa kwetu, alipelekwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni huyo Limnothrissa wa Mtafiti. Baadaye mwaka 1967 na 1968 akapelekwa Kariba, ndiyo kapenta ya Wazambia na Wazimbabwe. Hoja yangu: nilikuwa nchi jirani, samaki wa kwetu, ugali wa muhogo upo, na bado wiki za mwanzo sikushiba. Mwe na adabu, msilaumu Uholanzi.

#29 Mtafiti Mtoro
#28 umeniwahi. Sahihi kabisa.

#30 Mchumi wa Kibondo
#28 ulikuwa unabana hela. Rwanda hela ni ngumu kuliko unavyodhani.

#31 Mama Katonga
Wanangu, mimi sijavuka mpaka, lakini nimepikia wageni. Hapa kwetu wanakuja wanafunzi wa nje wanaosoma samaki wa ziwa, wengine wanatoka huko huko mnakokusema. Mmoja alipanga kwangu. Siku za kwanza nilimkatia dagaa vichwa, maana niliambiwa Wazungu wanaogopa macho. Anakula, anashukuru, usiku namsikia anafungua biskuti chumbani. Naye hashibi! Ugali wa muhogo, mgebuka wa kukaanga, maharage yenye mawese, hashibi, anatafuta biskuti. Alipokaa kaa akaanza kula kwa mkono na sisi kwenye sinia, biskuti zikaisha. Vichwa vya dagaa akaanza kugombania na wajukuu.

Kwa hiyo hata wao wakija kwetu wanakula hawali. Mnaosema ni muhogo na mawese mnijibu hapo.

#32 Gungu Kwa Fundi
Mama kaua uzi.

#33 Kasulu Stendi
Hajaua. Mgeni wake kazoea kula mara sita kwa siku vitu vidogo vidogo. Ni ujazo ule ule, umegeuzwa tu.

#34 Wakala wa Mizigo
Naona swali la dagaa halijajibiwa. Umoja wa Ulaya hauruhusu mtu binafsi kuingiza nyama wala maziwa na bidhaa zake kutoka nchi kama yetu, iwe kwenye begi au kifurushi cha posta. Samaki ni tofauti: kwa matumizi binafsi wanaruhusu hadi kilo 20, na awe ameandaliwa, yaani mkavu au wa kukaushwa kwa moshi, kama ni fresh awe ametolewa utumbo. Dagaa wakavu wanapita. Mihogo mibichi iacheni, mmea mbichi unataka cheti. Fungeni mfuko juu ya mfuko, andikeni wazi ni samaki wakavu. Kuficha ndiko kunaleta shida.

#35 Gungu Kwa Fundi
Na mwambieni dogo akikaanga afungue dirisha, afunge mlango wa korido. Bwenini kwetu nilitia dagaa kwenye mafuta ya moto, kengele ya moto ikalia, ghorofa zima likashuka ngazi na makoti, usiku wa theluji. Wakauliza nini kinaungua. Hakuna kilichoungua, jamani, ndiyo harufu yake.

#36 Mwana wa Kibirizi
Ahsante Wakala. Mama Katonga, nitapata kwako? Nataka wazuri, nisije nikamtumia mchanga.

#37 Mama Katonga
Subiri mbalamwezi iishe. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, unaouziwa ni wa zamani. Giza likirudi chukua walioanikwa kwenye vichanja, si wa mchangani. Chota kiganjani, tikisa, angalia kilichobaki mkononi. Tumbo liwe zima, rangi ya fedha, si njano. Mkia ukiuvunja ulie. Na shukuru ziwa liko wazi. Mwaka 2024 lilipofungwa miezi mitatu kuanzia tarehe 15 Mei, bei ya kopo moja ungeikimbia.

#38 Dogo wa Wageningen
Shikamooni wakubwa. Kaka kanitumia uzi wenu, nimesoma wote nikiwa kwenye basi. Niseme yangu.

Nesi, tumbo haliniumi. Mchumi, simu mpya sina. Mzee wa Mwanga, nilijaribu kula saa tatu usiku, hali ni ile ile. Mtafiti, yule samaki ni mtamu na nimerudia, ila pipi zao nyeusi zenye chumvi ndizo nilizotema, hizo msiulize.

Juzi nilikwenda Rotterdam sokoni. Kuna maduka ya Wasuriname na ya watu wa Ghana, nikapata unga wa muhogo na mawese mekundu kabisa. Samaki wadogo wakavu nao nikapata, sijui wa wapi. Nikarudi, nikasonga, nikakaanga, nikawaita wenzangu wawili, Mhindi na Mperu, tukala kwa mkono kwenye sinia la kuokea. Ujazo ulikuwepo, mawese yalikuwepo, watu walikuwepo.

Kaka, nilikula lakini sikula.

#39 Uvinza Chumvi
Mawese ya dukani yamekaa kwenye chupa miezi. Hayo si mawese.

#40 Kigodeko Hadi Takamatsu
Unga ule muhogo wake haukuvundikwa kama wetu. Harufu hukuipata, si ndiyo?

#41 Dogo wa Wageningen
#40 harufu ilikuwepo kidogo.

#42 Buhigwe Milimani
Ni maji. Ugali unasongwa kwa maji, na maji ya kule yana chokaa.

#43 Binti Ujiji
Dogo hana kosa, mnamchosha. Njoo Trabzon ukishiba utatuambia.

#44 Mnyamwezi wa Cheyo
Mpelekeeni asali ya Tabora tu, mtaniambia.

#45 Kasulu Stendi
Dogo, nijibu swali moja. Ulisongea sufuria gani?

#46 Dogo wa Wageningen
Ya bwenini, zile nyeusi ndani zisizoshika. Mwiko sina, nilitumia kijiko cha mbao cha kukorogea keki.

#47 Kasulu Stendi
Isiyoshika haitoi ukoko. Usichoshe watu, hapo hapakuwa na ugali.

#48 Nesi Mstaafu
Kasulu, ukoko nao umekuwa kirutubisho?

#49 Kasulu Stendi
Nesi, kalale. Kesho nakuja na ushahidi wa bibi yangu.